Bundu Si Bundi

Bundi hulaumiwa kwa kila msiba wa usiku, na kazi yake ni kukamata panya tu. Huku chini ya Rwenzori, kati ya Kasese mjini na Bwera mpakani, kuna kingine kinachosingiziwa usiku, na jina lake limepishana na la ndege huyo kwa herufi moja: bundu. Ni ugali wa muhogo, chakula cha Wakonzo cha kila siku, na cha ndugu zao Wanande ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe vilevile. Mchana bundu haina kesi na mtu. Jua likishazama upande wa Kongo ndipo mashtaka yanapoanza: inageuka mafuta, inalala tumboni, inapandisha sukari, inamfunga mkimbiaji miguu.

Kesi hii nimeisikiliza vipande vipande. Kipande kimoja kwenye benchi la kibanda cha chakula Bwera siku ya soko la Lubiriha, kingine kwenye teksi ya kurudi Kasese kupitia Kikorongo, kingine Kilembe. Humu nimewaketisha wasemaji wote benchi moja na kuwapunguzia maneno. Majina sitayataja, na hata ningeyataja yasingesaidia: kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiita Masika au Bwambale katikati ya soko watageuka watu ishirini.

Mwenye kibanda alikuwa anasonga. Amekaa kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa nyayo mbili, mwiko mrefu kama kasia. Unga wa muhogo ukikutana na maji yanayotokota haubishani sana. Dakika chache tu unashikana, unang'aa, unavutika. Aliyekuja kutafuta ubishi alikuwa mwalimu wa mazoezi.

MWALIMU (ana wateja wa ofisini mjini Kasese): Mimi kanuni yangu ni moja. Wanga mwisho saa kumi na mbili jioni. Mtu anakula bundu saa tatu usiku, saa nne kalala. Mwili utaitumia wapi hiyo bundu? Inakwenda kiunoni. Nina mteja kaacha bundu ya usiku miezi miwili, sasa suruali zinamvuka.

MAMA WA BUNDU: Ameacha bundu au ameacha kula?

MWALIMU: Ameacha bundu. Jioni anakunywa supu.

MAMA WA BUNDU: Basi ameacha kula.

MUUGUZI (wa kliniki ya sukari): Mama kamaliza kesi na mwiko bado uko mkononi. Mwalimu, huyo mteja wako alikuwa na milo mitatu, sasa ana miwili na supu. Angeacha bundu ya mchana na kubaki na ya usiku, suruali zingemvuka vilevile.

MWALIMU: Lakini sista, usiku mwili umelala.

MUUGUZI: Moyo umelala? Ubongo umelala? Ubongo peke yake unakula kama gramu 120 za sukari kwa siku, na usiku haufungi duka. Halafu jambo hili limepimwa. Huko Israeli walichukua askari polisi 78 wanene, wakawapa chakula cha kupunguza uzito kwa miezi 6. Kundi moja wanga wake mwingi uliwekwa kwenye chakula cha jioni. Matokeo yalitoka 2011: wa jioni hawakunenepa. Walipungua, tena wakawazidi wenzao kidogo, na njaa haikuwasumbua sana.

MWALIMU: Askari wa kwao.

MUUGUZI: Haya, twende Uskoti. Aberdeen, 2022, watu 30. Wiki 4 walikula kwa wingi asubuhi, wiki 4 nyingine kwa wingi jioni, na chakula chote walipimiwa. Kwa mpango wowote ule walipungua zaidi kidogo ya kilo 3. Tofauti ilikuwa kwenye njaa: aliyeshiba asubuhi alishinda mchana bila kuhangaika.

Hapo mkimbiaji mmoja aliyekuwa benchini aliingilia kwa kisa cha jirani yake, na nakileta kwa sababu kinatuhusu sisi wenye saa za Kiswahili. Jirani alitumiwa ujumbe kwenye simu, wa Kiingereza, kwamba wanga ni marufuku baada ya sita. Yeye akaelewa saa sita. Kwa majuma mawili bundu yake ya mwisho ilikuwa kabla ya adhuhuri, jioni anatafuna kabichi na kumtazama mkewe kwa hasira. Kanuni inayoweza kuhamishwa saa sita nzima kwa kosa la tafsiri, na bado mtu akapungua kilo, kwangu mimi ni kanuni ya kupunguza sahani tu iliyovaa saa ya mkononi.

MZEE WA KILEMBE: Nyinyi mnaongelea usiku kama kwamba watu wote hulala. Nilifanya kazi mgodini Kilembe nikiwa kijana, tunatoa shaba, kabla shughuli hazijasimama 1982. Ukiwa zamu ya usiku, usiku ndio mchana wako. Unatoka chini asubuhi, watoto wanakwenda shule, wewe unakula posho na maharage halafu unalala. Sasa hiyo ni bundu ya usiku au ya mchana?

MAMA WA BUNDU: Posho, mzee, si bundu.

MZEE WA KILEMBE: Posho, ndiyo. Unga wa mahindi. Na kabla haijawa jina la chakula, posho ilikuwa fungu la mfanyakazi: unapimiwa, unabeba. Saa ya kula ilikuwa haiko kwenye hesabu. Hesabu ilikuwa kilo.

MUUGUZI: Ila zamu ya usiku ina ubaya wake, mzee. Jioni sana na usiku wa manane mwili huwa mzito kuiondoa sukari kwenye damu kuliko asubuhi. Sahani ileile, mtu yuleyule, usiku sukari inapanda zaidi. Hilo siwezi kulificha ili nimshinde mwalimu.

MWALIMU: Andikeni hilo.

Nimeandika. Nilimwonea huruma mwalimu, maana kanuni yake imesaidia watu wengi kupunguza sahani bila kuhesabu chochote, na si kila mtu ana mizani jikoni. Kosa lake ni kuwapa kanuni hiyohiyo na watu ambao tatizo lao si kiuno. Wawili wa namna hiyo walikuwa palepale benchini.

MKIMBIAJI (anajiandaa kwa kilomita 21 za Rwenzori Marathon, mbio zilizoanza Kasese 2022): Mimi shida yangu ni nyingine. Nimeambiwa baada ya mazoezi kuna dirisha la nusu saa. Ukila wanga ndani ya hiyo nusu saa, misuli inajaa. Dirisha likifungwa, umepoteza. Sasa mimi nikimaliza kukimbia barabara ya Kilembe, mpaka nifike nyumbani, nioge, chakula kiive, ni saa moja na nusu. Kila siku nimechelewa.

MUUGUZI: Hilo dirisha ni mlango, kijana wangu, na mlango wenyewe haufungwi. Unarudishwa tu, polepole. Mwaka 1988 Marekani waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha sukari: wengine mara walipomaliza, wengine baada ya saa mbili. Saa zile za mwanzo, waliocheleweshwa misuli yao ilikuwa ikijaza akiba kwa mwendo wa karibu nusu ya ule wa wenzao. Hapo ndipo dirisha lilipozaliwa. Lakini miaka kadhaa baadaye walipowapa watu wanga wa kiasi kimoja na kupima tena baada ya saa 24, aliyekula papo hapo na aliyesubiri saa mbili walikuwa wamelingana. Wewe unakimbia tena lini?

MKIMBIAJI: Kesho asubuhi.

MUUGUZI: Basi oga.

MCHUKUZI (hubeba mizigo ya wageni mlimani): Na anayekimbia tena baada ya saa tatu?

Huyu alikuwa kimya muda wote, anakula. Mtu anayepanda Rwenzori kwa kazi ana namna yake ya kula: hatafuni sana, haisemeshi sahani, na mkono wa kushoto unalinda bakuli la sombe, yaani kisamvu, kama kuna mtu atakayelichukua. Nilimwomba aeleze siku moja tu.

MCHUKUZI: Tunaanzia Nyakalengija. Siku ya kwanza tunalala Nyabitaba, mita 2,651. Mgeni anatembea na kifimbo, mimi nina mzigo wake, juu yake unga wangu, maharage, samaki mkavu, blanketi. Nikifika kambini kazi haijaisha: kuni, maji, wakati mwingine kurudi chini kumsaidia mwenzangu aliyebaki nyuma. Kwa hiyo nikitua mzigo tu nakula kabla sijakaa. Asubuhi nimefunga donge la bundu ya jana kwenye jani la mgomba. Limekuwa gumu kama sabuni. Nalitafuna na chumvi ya Katwe, nakunywa maji, nakwenda kuni. Halafu jioni tunapika, nakula tena mpaka nashindwa kuinama. Usiku hasa! Kule juu kuna baridi, na kesho ni siku nyingine kama leo, na kesho kutwa, mpaka wageni wafike kilele cha Margherita, mita 5,109, na tuwarudishe. Mwalimu akinikataza bundu ya usiku, siku ya tatu mzigo atabeba yeye.

MZEE WA KILEMBE: Usiku wa deni haukawii kucha.

Methali hiyo mzee aliitoa kwa mzaha, mimi nikaing'ang'ania, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lote. Swali la saa ya kula wanga tumezoea kuliuliza kwa kutazama nyuma: umemaliza mazoezi saa ngapi, jua limezama saa ngapi. Kinachohesabika kiko mbele. Mwili utadaiwa tena lini? Kama ni baada ya saa tatu, kula sasa hivi, hata donge la sabuni. Kama ni kesho asubuhi, una usiku mzima, na bundu ya jioni ndiyo inayolipa. Kama ni mtu wa ofisi ambaye deni lake kubwa la kesho ni ngazi za ghorofa ya kwanza, saa haina la kumwambia. Amuulize mama wa bundu ukubwa wa bonge.

Akiba yenyewe si kubwa, ndiyo sababu ya haraka ya mchukuzi. Mtu mzima huweka kama gramu 100 za wanga kwenye ini na kama 400 kwenye misuli, mwenye mazoezi akazidi kidogo. Ini ni kama duka la kijiji: linauzia mwili wote, na usiku kucha linauzia ubongo, hata asubuhi rafu zinakaribia kuwa tupu. Misuli ni michoyo. Ikishaweka sukari yake ndani haimrudishii mtu, hata jirani; msuli wa paja hauwezi kumkopesha ubongo. Kwa hiyo mtu akiamka bila kula, miguu bado ina akiba yake ya jana usiku, lililopungukiwa ni duka. Ndio maana unaweza kukimbia alfajiri na chai ya rangi tu ukarudi salama, mradi hukukimbia mbali, na mradi jana jioni ulikula.

MKIMBIAJI: Wakenya ndivyo wanavyofanya. Wanatoka saa kumi na mbili, wanakula wakirudi.

MUUGUZI: Na wanakula nini wakirudi? Wako waliopimwa kambini kwa siku 7, wakimbiaji 10 wa Kikalenjin, taarifa ikatoka 2004. Walikula mara tano kwa siku: saa mbili asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja usiku. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yote ilitoka kwenye wanga, kama gramu 600 kwa siku. Ugali, wali, mkate, viazi, na sukari ya chai usiiseme. Wewe unaiga saa kumi na mbili na tumbo tupu. Hizo tano hujaziiga.

MKIMBIAJI: Nina mbili.

MUUGUZI: Basi hata dirisha wasikusumbue nalo, huna nyumba.

MWALIMU: Lakini tumbo tupu linachoma mafuta zaidi. Hilo nalijua kwa hakika.

MUUGUZI: Linachoma mafuta zaidi wakati ule. Jioni mwili unasawazisha. Wasichana 20 walifanyishwa mazoezi kwa wiki 4, nusu kabla ya kula, nusu baada ya kula, chakula cha siku kimelingana. Mafuta yaliyopungua hayakutofautiana. Anayependa kukimbia na njaa akimbie, asidhani analipwa zaidi.

Mkimbiaji alikuwa na swali la siku ya mashindano, akalikwepa, mwisho akalisema akiangalia chini. Mwaka uliopita alikula bonge zima la bundu na maharage asubuhi ya mbio, akiwa ameamka kwa kuchelewa, na alipofika kilomita ya tano alikuwa ameshika ubavu kama mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa. Mama wa bundu alicheka mpaka akaacha kusonga.

MUUGUZI: Bundu ile ilipaswa kuliwa jana yake jioni na juzi yake. Wasweden waliliona hilo 1967, walipokuwa wakichomoa vipande vya msuli kwa sindano na kuvipima. Mtu aliyekula chakula cha kawaida aliendesha baiskeli dakika 114 mpaka akashindwa. Akilishwa nyama na mafuta siku chache, dakika 57. Akilishwa wanga siku chache, dakika 167. Mtu yuleyule! Hiyo haikuwa kazi ya kifungua kinywa cha asubuhi ile. Asubuhi ya mbio unajaza ini tu: ndizi mbivu mbili, mkate na chai ya sukari, saa mbili au tatu kabla. Maharage yasubiri ushindi.

MKIMBIAJI: Nikienda kilomita 42?

MUUGUZI: Ukienda 42 unakula njiani. Mtu wa kilo 60 anatumia kama kalori 2,500 kufika mwisho, na akiba yote ya ini na misuli ni kama 2,000. Fanya hesabu mwenyewe ni kilomita ya ngapi utaomba lifti.

Wagonjwa wa sukari ni kesi nyingine kabisa, na hapa muuguzi aliacha utani. Anayejidunga insulini, alisema, saa kwake si mjadala: akidunga halafu chakula kikachelewa, sukari inashuka, anatetemeka, anaweza kuzimia. Kwa wengine wenye sukari hakuwanyang'anya bundu ya jioni. Aliwataka waanze na sombe na samaki, ngege wa Katwe au mwingine, bundu ifuate, iwe ndogo. Na wakimaliza wasikae.

MUUGUZI: New Zealand walifanya hivi, 2016, watu 41 wenye kisukari. Kwanza waliambiwa tembeeni dakika 30 kwa siku, saa mnayotaka. Halafu wakaambiwa tembeeni dakika 10 baada ya kila mlo. Sukari ya baada ya chakula ilishuka kwa asilimia 12 zaidi, na baada ya chakula cha jioni kwa asilimia 22. Msuli unaotembea unachota sukari kwenye damu bila kungoja insulini iugongee mlango. Kwa hiyo mwalimu, hapa saa ina maana kubwa. Ila ni saa ya miguu.

MWALIMU: Hilo nitalichukua. Dakika kumi baada ya kula. Hata wa ofisini wataliweza.

MAMA WA BUNDU: Wakitembea kuja kwangu na kurudi, ni dakika kumi.

Mwanamke mmoja alikuwa pembeni kabisa ya benchi, ameketi na kikapu chake kitupu. Alikuwa ameshuka kutoka vilimani alfajiri na muhogo mkavu wa kuuza, na alikuwa ameshauza. Hakuwa ameagiza kitu.

MKULIMA: Sista, mimi nauliza. Mimi naamka saa kumi na moja. Shamba langu liko juu, mwendo wa saa nzima, na jembe begani. Nalima mpaka saa saba. Tumboni kuna chai ya rangi, siku nyingine haina sukari. Nikirudi ni maji, kuni, sombe ya kutwanga, tunakula saa tatu usiku, mara moja. Sasa mnaposema kula kabla, kula baada, mara tano, mara ngapi, mimi niko wapi?

Hakuna aliyejibu mara moja. Nilijiona mjinga na daftari langu. Humo mlikuwa na askari wa Israeli, wasichana 20, Wasweden na sindano zao, na huyu ambaye kila siku hufanya kazi ya mwanariadha kwa sahani moja alikuwa hajaingia hata kwenye mstari mmoja. Kila hesabu iliyosemwa benchini pale ilimhusu yeye kuliko mkimbiaji. Ini lake linaamka rafu tupu, na anaipanda milima saa ileile.

MUUGUZI: Dada, wewe bundu yako ya usiku asiiguse mtu. Hiyo ndiyo inayolima kesho yake. Na ukiweza, ikate. Ukipika usiku, toa donge la ngumi moja, lifunge, lile asubuhi kabla ya kupanda. Kama huyu mchukuzi. Si kuongeza chakula, ni kukihamisha tu.

MKULIMA: Kiporo?

MUUGUZI: Kiporo. Hata baridi.

MKULIMA: Kiporo ni cha watoto wanaokwenda shule, sista. Wanne.

Mama wa bundu aliinuka kwenye kigoda. Alikata bonge kwa kamba ya mgomba, si kubwa, akalizungusha kwenye jani, akafunga mara mbili, akaliweka kwenye kikapu cha yule mwanamke bila kumtazama. Pesa ilipotolewa aliisukuma kando kwa kisigino cha mkono, maana vidole vilikuwa na unga.

MAMA WA BUNDU: Hiyo ya asubuhi. Usiile njiani.

Mkulima alifunika kikapu kwa kanga, akaangalia jua, akaangalia njia ya kupanda.

MKULIMA: Ikifika asubuhi.